Ndimu Mbili, Mtaa wa Ghala

Kompresa ya gari imekufa, na Julai haina huruma.
Fundi kasema masaa mawili, labda matatu.
Basi tumekaa, mimi na wifi yangu Zuwena,
kwenye viti vya plastiki vya gereji
huku Ghala, Maskati, jina na sura ni kitu kimoja:
mabohari, matairi, vumbi lililopikwa.
Kila mmoja na kitabu mapajani.

Changu cha Kiarabu, kimeandikwa Bahla.
Chake cha Kiswahili, kilikuja kutoka Unguja
ndani ya begi la shangazi, baina ya karafuu na dawa za presha;
hata leo ukikifungua unapiga chafya.
Tulibadilishana Ramadhani. Sasa tunavipima
kama wanawake dukani walioshika vitambaa viwili,
wanavilowesha ncha kwa mate
waone kipi kitachuja.

Changu kina Ghaniya, anayeanika ndimu juu ya dari
mpaka ziwe nyeusi, nyepesi, zikitikiswa zinalia kama njuga.
Mume kaenda Kuweti kwenye mafuta. Kila mwaka
anaweka ndimu moja mtungini, haipikii.
"Ndiyo subira hiyo," nasema. "Imekauka,
lakini ipasue, chungu kizima kinaamka."

Chake kina Mwanakheri, na mndimu uani
uliokatwa mwaka ule watu walipokimbia,
ukachipua upande wa jirani.
"Huo ndio kwetu," asema Zuwena. "Mizizi haiulizi ukuta wa nani."
Kisha anacheka: "Au mwandishi alikuwa na mndimu tu.
Mwalimu wetu wa sekondari, ungempa mchuzi,
angekamua maana kabla ya kutia tonge."

Ghaniya kimya, Mwanakheri domo.
Ila kimya cha Ghaniya ni mlango uliokomewa kwa ndani,
na maneno ya Mwanakheri ni pazia:
linapepea, linapepea, chumba hukioni.
Nikasema, hawa ni ndugu.
Akasema, wapi! Majirani wasioamkiana.
Tukabishana mpaka chupa ya chai ikatoa upepo.

Saa tisa alasiri fundi Biju akaibuka chini ya boneti,
akanawa kwa sabuni ya unga,
akaketi juu ya tairi, akafungua mkebe wake:
wali, na achari ya ndimu aliyofungashiwa na mkewe.
Kwa Kiarabu chake cha gereji, kisichojua jana wala kesho,
akauliza tunagombania nini.
Nikamweleza. Wanawake wawili, ndimu mbili, kungoja.
Akatafuna. Akafikiri. Akauliza:
"Na wao, wanakula saa ngapi?"

Tukatazamana.
Tukafungua vitabu, safari hii bila ya kalamu.
Mwanakheri anapika kurasa arubaini,
harusi moja, matanga mawili. Tukatafuta.
Anaonja chumvi kwenye kiganja, anatema.
Basi.
Ghaniya, ukurasa wa mia na tisa: tende moja,
kasimama nyuma ya mlango, sinia la mashemeji mkononi.
Na kokwa, mwandishi hakusema ilitupwa wapi.

Mara tatu nimekisoma kitabu kile.
Nimepigia mistari ndimu, mtungi, dari, mwezi,
nikaipita tende ile kama mtu anayempita mtumishi ukumbini.

"Mama," akasema Zuwena,
nami nikajua ametoka kwenye riwaya.
Nikamwona mkwe wangu kule Al-Khodh,
jikoni, wima, anakwangua ukoko wa chungu kwa kijiko,
na sisi sebuleni, miguu juu, tunamwita: "Njoo ukae!"
Miaka kumi na minane tunamwita.
Hakuna aliyewahi kuinuka.

Biju akasukuma mkebe kidogo, karibuni.
Zuwena akachukua kipande cha ndimu kwa vidole viwili,
akakiweka ulimini, akafumba macho.
"Kali," akasema,
na hakusema kali kama nini.